Mgonjwa Aliyelazwa Nyuma ya Kochi

Mwewe wa Mwanza hawana adabu. Wakishadokoa dagaa walioanikwa kando ya ziwa, hupanda huku kwetu Kitangiri kutafuta kitoweo cha pili, na kitoweo chenyewe huwa ni vifaranga. Ndiyo maana uwanja wangu wa kuku umefunikwa kwa nyavu chakavu nilizopewa na mvuvi mmoja wa Kirumba, ambazo zilikuwa zimekwisha kustaafu kazi ya sangara lakini bado zilikuwa na nguvu za kumkatisha tamaa ndege yeyote mwenye njaa. Mwewe walisalimu amri. Nyavu hizo, hata hivyo, zilikuwa na tabia ya kuachia nyuzi zake moja moja, na uzi wa nailoni ukianguka mavumbini hauonekani, hauozi wala hauna haraka. Hukaa ukisubiri mguu wa kuku anayeparua.

Mguu ulionaswa ulikuwa wa mtetea wetu wa kishingo, yaani kuku wa aina ile isiyo na manyoya shingoni, ambaye siku zote hutembea kwa madaha kana kwamba shingo hiyo ameinyoa kwa hiari yake. Tulimkuta amesimama kwa mguu mmoja kando ya jabali, amefumba macho, hataki pumba wala mtama. Uzi ulikuwa umejizungusha kwenye kidole cha kati cha mguu wa kulia, ukakaza, ukazama ndani ya nyama, na kwa kuwa damu haikuwa ikipita, ncha ya kidole ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Katika nyumba nyingine shauri hilo lingemalizwa kwa kisu na sufuria. Kwetu haikuwezekana, kwa sababu kuku huyo ni zawadi ya baba mkwe wangu wa Sengerema, na zawadi ya mkwe haiingii chunguni kabla mkwe mwenyewe hajaulizwa. Mzee alikuwa ametutembelea juma lililotangulia na alikuwa ameondoka alfajiri, wakati mtaa mzima bado umelala. Zamani, enzi za kivuko, safari yake ilikuwa na mipango mirefu na maagano ya nyumba kwa nyumba, maana hakuna aliyejua foleni ya Kigongo ingemweka mpaka saa ngapi. Lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mzee huzivuka zile kilomita 3 za maji akiwa ndani ya gari, na huja na kuondoka bila taarifa. Naomba msomaji aikumbuke alfajiri hiyo.

Mama watoto alimpigia simu mtaalamu wa mifugo. Kwa kuwa mikono yangu miwili ilikuwa imemshika mgonjwa, na wake mmoja ulikuwa ukiufunua mguu, simu iliwekwa juu ya ndoo na sauti ikafunguliwa mpaka mwisho. Tulikuwa uani. Upande wa pili wa ukuta, ambao una urefu wa kumzuia mbuzi lakini si habari, jirani yetu alikuwa akichambua mchele.

"Daktari, mgonjwa wetu mguu umevimba sana," mama watoto alisema. "Kidole kimekuwa cheusi. Hali kitu, usiku kucha anasimama kwa mguu mmoja."

"Ana umri gani?"

"Mzee kidogo, lakini alikuwa na nguvu zake."

"Mloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mara mbili kwa siku. Mfunikeni uso kwa khanga ili asihangaike. Na kidole hicho kama kimeoza, kitakatika."

Baada ya hapo jirani hakuusikiliza tena mchele wake.

Kazi yenyewe niieleze, kwa sababu ina uungwana wake. Kuku akifunikwa kichwa hudhani usiku umeingia, na hutulia hata mtu ukashangaa kwamba ndiye yule aliyekuwa akikuparua mikono. Tuliuloweka mguu mpaka ngozi ikalainika, kisha kwa mkasi mdogo wa kucha nikautafuta uzi, nikaukata kipande baada ya kipande, huku mama watoto akitoa maelekezo ambayo daktari hakuyatoa. Tulisafisha kidonda, tukapaka iodini na kufunga bendeji. Kumrudisha bandani haikuwa busara, kwa kuwa kuku wakiona damu kwa mwenzao hawampi pole. Humdonoa hapo hapo penye jeraha. Kwa hiyo akalazwa sebuleni, nyuma ya kochi, ndani ya boksi la katoni lililotandikwa pumba za mpunga.

Wakati sisi tunabadilisha bendeji, huko nje habari ilikuwa ikitembea kwa miguu yake yote. Watu walikuwa wamemwona baba mkwe akiwasili na begi, hakuna aliyemwona akiondoka, na sasa palikuwa na ushahidi wa masikio kwamba nyumbani kwangu kulikuwa na mzee aliyevimba mguu na kidole kitakatika. Mtaani Kitangiri hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Kufika kisimani walikuwa wamekwisha kumpa kisukari. Kufika sokoni mguu wote ulikuwa umekatwa mpaka gotini.

Jumapili alasiri nikaitikia kwa mshangao hodi iliyokuwa imekwisha kubishwa, maana nilikuwa natoka bafuni nikakuta ugeni umejaa mlangoni mwangu. Walikuwa viongozi na wanachama wa kikundi chetu cha kusaidiana: mwenyekiti akiwa na koti, katibu akiwa na daftari, na akina mama wenye machungwa, uji kwenye chupa ya chai, na bakuli kubwa lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Niliguswa. Nilijua kwamba binti yangu alikuwa amewasimulia wenzake habari za kuku, lakini sikujua kwamba mtaa wetu una utu wa kiasi hicho.

"Tumekuja kumjulia hali mgonjwa," alisema mwenyekiti kwa sauti ya msibani. "Anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mwenyekiti. Kidole hakitapona, lakini mguu tumeuokoa."

"Mungu ni mwema. Amelazwa chumba gani?"

"Yuko hapo nyuma yako, nyuma ya kochi. Tumemweka kwenye boksi."

Mwenyekiti hakugeuka. Akina mama walitazamana.

"Kwenye boksi," alirudia.

"La katoni. Tumemtandikia pumba, na kila asubuhi tunazibadilisha, kwa sababu anajisaidia humo humo."

Mama mmoja aliweka machungwa chini taratibu. Mwingine alinong'ona kwamba watu wa siku hizi hawafai. Katibu, ambaye ni mtu wa kumbukumbu, aliuliza kama mzee anapata chakula.

"Mtama na dagaa kidogo," nilijibu. "Akishiba namfunika khanga usoni, analala."

"Na ndugu zake wanajua?"

"Ndugu zake ndio tuliowaogopa. Tusingemtenga wangemdonoa mpaka mfupa. Lakini leo tumefarijika sana, kwa sababu asubuhi ametaga."

Ukimya uliofuata sijawahi kuusikia tena katika nyumba yenye watu wengi namna ile. Kishingo mwenyewe ndiye aliyeuvunja, akatoa shingo lake lisilo na manyoya juu ya kochi, kati ya bega la mwenyekiti na la mweka hazina, akalia mlio wa kuku anayejulisha umma kwamba yai lipo. Mwenyekiti aliruka kwa wepesi ambao cheo chake hakikuuruhusu. Bakuli la kitambaa cheupe lilipinduka, na kilichomwagika sakafuni, mbele ya macho ya mgonjwa, kilikuwa supu ya kuku.

Nilikuwa bado natafuta neno la kusema wakati mlango uliposukumwa, na baba mkwe wangu akaingia kwa miguu yake miwili iliyokamilika, akihema, ameshika jogoo kwapani. Mtu fulani alikuwa amempigia simu Sengerema kumwambia kwamba kwa binti yake Kitangiri kuna mgonjwa mahututi. Aliyempigia hakumtaja mgonjwa, akidhani labda mzee mwenyewe anajijua. Naye akachukua jogoo wa supu, akapanda gari, akavuka daraja. Mama mmoja alipomwona alipiga ukunga akakimbilia jikoni.

"Nani anaumwa?" mzee aliuliza.

"Ni wewe, baba," alijibu katibu, akiwa ameshika daftari.

Maelezo yalichukua muda, na sehemu kubwa yake ilitolewa na jirani, ambaye alishikilia kwamba yeye alisema alichosikia. Tatizo lililobaki lilikuwa bahasha. Kikundi kilikuwa kimeidhinisha shilingi 50,000 kwa ajili ya mzazi wa mwanachama aliyekatwa kiungo, katibu alikuwa amekwisha kuandika jina na kupiga muhuri, na mweka hazina alisema daftari lake halifutwi. Mwenyekiti, akipangusa supu kwenye suruali, alipendekeza fedha zirudi. Baba mkwe, ambaye alikuwa amesikiliza yote akiwa ameketi na jogoo wake mapajani, alikohoa, akauliza jina lililoandikwa humo ni la kuku au ni la kwake. Alipoambiwa ni la kwake, alinyoosha mkono, akapokea, akashukuru kwa hotuba fupi yenye heshima, akatia sahihi.

Kidole kilikauka, kikadondoka chenyewe, na kishingo amerudi bandani ambako anachechemea kidogo lakini anataga vizuri. Nyavu nimezibadilisha. Mzee siku hizi hupiga simu mara kwa mara kutujulia hali, na akimaliza kuuliza watoto na shule, hushusha sauti akataka kujua vile vidole saba vilivyobaki vinaendeleaje.