Spana Iko Chini ya Mama Mkwe

Kabla hujanicheka, jua kwamba mkanda mpya wa feni nilikuwa nao. Niliununua Kariakoo kwa hela yangu, na risiti nikapewa. Ila sikuufunga. Niliuweka spea. Ule wa zamani, wenye nyufa kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi, ndio niliouacha uendelee na kazi. Kwetu tulilelewa hivyo: sahani nzuri ni za wageni, shati jipya ni la sikukuu.

Gari lenyewe ni Kombi, Volkswagen ya mwaka 1974, yenye paa linaloinuka upande mmoja kama kofia ya mlevi. Niliinunua kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ndani ina jiko la gesi, sinki la kuoshea vikombe viwili (cha tatu hakiingii), kabati, na kiti kirefu cha nyuma ambacho ukikivuta kinalala, kinakuwa kitanda. Chini ya kiti hicho kuna sanduku la vifaa. Hilo sanduku tutalirudia.

Miezi minne niliihangaikia. Mipira ya petroli nilibadilisha yote, maana Kombi nyingi zimekufa kwa moto: mpira unazeeka, unapasuka, petroli inadondokea kwenye injini iliyochemka, na mwenye gari anabaki kando ya barabara ameshika funguo. Mwanya wa pointi za kutoa cheche nikaupima milimita 0.4, wa tapeti za valvu 0.15 injini ikiwa baridi, oili lita 2 na nusu. Mapazia nikashonesha mapya. Fundi wangu wa eneo la Gerezani, mzee aliyeanza kuzifungua Kombi enzi zikibeba watalii, alipitisha kidole kwenye mkanda akasema, "Huu unaaga." Nikamwambia bado upoupo. Akafuta mikono, akasema, "Haya." Ile haya ya mtu anayejua mtaonana tena.

Safari ilikuwa ya kumrudisha mama mkwe Iringa. Alikuja Dar kumsaidia binti yake baada ya kujifungua mtoto wetu wa tatu, na sasa alitaka kuwahi shamba lake. Asubuhi ile aliizunguka Kombi polepole, akachungulia ndani.

"Hiki nini?"

"Kiti, mama."

Mwanangu wa kwanza ana miaka 6, na hana faida yoyote kwenye mazungumzo ya watu wazima. "Kitanda hicho, bibi! Baba akivuta hapa, kinalala!"

Mama alinitazama mimi, akatazama kitanda, akamtazama binti yake. "Yaani nisafiri na mkwe wangu kwenye gari lenye kitanda."

Hakungoja jibu. Akapanda, akatandika khanga mbili, akakaa katikati kabisa ya kile kiti. Kuanzia hapo hakikuwa kiti changu tena. Hata macho yangu hayakuwa na ruhusa ya kupita huko, nikawa natumia vioo vya pembeni tu.

Hadi Morogoro tulikwenda vizuri. Pale kituo cha mafuta, kijana alikuja na dumu la maji, akatafuta boneti mbele asiione. Nikamwambia injini iko nyuma. Akaenda nyuma, akatafuta pa kumimina.

"Rejeta iko wapi, bro?"

"Haina. Inapozwa na upepo."

Aliita wenzake wawili waje waone. Mmoja akauliza kama na breki nazo ni za upepo au nazo hakuna.

Basi, tukaingia Mikumi. Kwa asiyeijua, barabara kuu ya kwenda Iringa inakatisha katikati ya hifadhi kwa kilometa 50 hivi. Hakuna uzio. Twiga wanavuka wakijisikia, tembo nao vilevile, na simba wana makazi ya kudumu humo. Mama alikuwa amekesha na mtoto mchanga, kwa hiyo alijinyoosha juu ya khanga zake na usingizi ukamchukua. Mke wangu akanigusa bega.

"Baba watoto, hiyo taa nyekundu ya nini?"

"Ya chaji tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyoniponza. Kwenye gari la kawaida taa ya chaji ikiwaka mara nyingi unaweza kujikongoja nayo mpaka mjini, betri itavumilia. Kwenye Kombi, mkanda unaozungusha dainamo ya kuchaji betri ndio huohuo unaozungusha feni, na feni ndiyo rejeta yenyewe. Mkanda ukikatika, kile kitaa kinakujulisha kwa adabu kwamba injini inakaangwa. Mimi nilikijua hicho kitu. Nilishawaeleza watu hicho kitu, nikiwa nimekunja nne barazani. Lakini tairi zikiwa zinazunguka na mke anakuuliza swali, elimu yote inahama. Nilikwenda kama kilometa 2 hivi ndipo harufu ikanikumbusha shule.

Nikasimama, nikazima, nikafungua mlango wa injini. Mkanda ulikuwa umebaki nyuzinyuzi, kama mshipi wa mwanafunzi wa bweni. Mke wangu akainua paa ili mama apate hewa. Nami nikajisemea hakuna shida, mkanda mpya upo, spana namba 21 ipo, kazi ya dakika kumi na tano. Vipo kwenye sanduku.

Sanduku la chini ya kiti.

Tulisimama nyuma ya gari tukinong'ona kama wezi.

"Mwamshe, ni mama yako."

"Gari la nani? Mwamshe mwenyewe."

"Nimwambieje? Mama, inuka kitandani?"

"Mwambie inuka kitini."

"Anajua ni kitanda! Mtoto wako alishasema!"

Hakuna aliyemwamsha. Badala yake nikafungua mpira wa baiskeli niliofungia mizigo, nikauzungusha kwenye puli, nikaufunga fundo la uhakika, nikawasha. Ulizunguka kwa sekunde kama tatu. Halafu ukajivuta, ukafyatuka kama manati, ukanichapa paji la uso. Nikaomba kilemba cha mke wangu. Alinitazama hivi, nikarudi nyuma ya gari bila kuambiwa.

Tukakaa. Nusu saa, saa nzima. Nilikuwa nimechuchumaa, mgongo nimeuelekeza porini, kila jani likitikisika nakumbuka madhambi yangu. Mwanangu akawa anahesabu tembo kwa mbali. Ikawa saa na nusu. Ndipo walipokuja nyani.

Walikuja kama kikao cha ukoo, wamekaa kandokando ya lami wakitutathmini. Mke wangu akakimbilia mbele na watoto, akafunga mlango. Ila paa lilikuwa wazi, na upande wa turubai zipu haikufungwa. Dume moja kubwa likapanda kwa kutumia kioo changu cha pembeni, likapenya juu, likashuka ndani taratibu, likaanza kupekua kikapu cha mikate kilichokuwa miguuni mwa mama.

Mama akafumbua jicho moja. Akaona kivuli chenye manyoya kimeinama kando ya kitanda chake. Akasema, kwa upole wa mtu aliyekuwa akilitarajia jambo hili tangu Dar:

"Baba, unatafuta nini huku?"

Dume likageuka, likamwonyesha meno.

Ukelele wa Kihehe uliotoka pale, nina hakika, uliwafikia simba. Nyani alitoka kwa njia aliyoingilia, mkate mdomoni, akaacha mchirizi wa haja yake kwenye mapazia yangu mapya. Mama akatoka kwa mlango, kiatu mkononi, akawafukuza ukoo mzima hadi vichakani. Aliporudi anahema, lori la kwenda Tunduma lilikuwa limesimama, na utingo alishashuka mbio na dumu la lita 20.

"Poleni! Maji haya hapa, rejeta iko wapi?"

"Haina rejeta," mwanangu akamjibu. "Imekatika mkanda. Baba anao mwingine ila bibi ameukalia."

Kimya. Mama akageuza shingo polepole. Nikapita mbele yake nimeinamisha kichwa, nikafunua kiti. Mkanda ulikuwa kwenye karatasi yake, haujaguswa. Spana 21 pembeni.

"Umekuwa hapo muda wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na simba angekuja?"

"Ningekuamsha, mama."

"Ungeniamsha," akarudia, kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi.

Utingo alibana puli kwa bisibisi, mimi nikafungua nati, nikatoa vipande vya mkanda mzee, nikapanga washa nyembamba hadi mkanda mpya ukakaza sawasawa. Injini ilikuwa imepoa vya kutosha, ikawaka kwa mara ya pili. Mlima Kitonga tulipanda na gia ya pili, malori yakitupita na kutupigia honi za rambirambi.

Iringa mama aliwasimulia wote: mkwe wake ana adabu kiasi kwamba yuko radhi familia iliwe na simba kuliko kumwambia mkwewe anyanyuke. Wajomba walinipa mikono. Kuhusu swali alilomuuliza yule nyani hakusema neno, nami sikumkumbusha.

Siku ya kuondoka alifika kwenye Kombi mapema, akafunua kiti mwenyewe, akachungulia.

"Spea iko wapi?"

"Ndiyo iliyofungwa, mama."

Akamtuma mjukuu sokoni kwa bodaboda na hela kutoka fundo la khanga yake. Mkanda ulipokuja hakuuweka kwenye sanduku. Alikwenda mbele, akauning'iniza kwenye kioo cha katikati, pale wenzangu wanapoweka rozari. Upo hapo hadi leo, na trafiki kila akinisimamisha lazima auulize.