Eti "milima tu"

Juzi usiku nilitupia picha kwenye grupu letu, ile aliyochora José María Velasco, mchoraji wa Meksiko, mwaka 1875, Bonde la Meksiko linavyoonekana kutoka kilima cha Santa Isabel, nikaandika tu "jamani hebu angalieni hii". Dakika mbili hazijaisha jamaa mmoja kajibu: "hii si kalenda ya benki?" Wakacheka wote, stika zikamwagika, mwingine akaongezea kwamba ni milima tu, haina stori, yaani mtu anapaka rangi kanvasi yenye upana wa mita mbili na ushee halafu hata binadamu haweki. Nikazima data nikalala na hasira zangu. Leo bando ninalo, kwa hiyo mtanisikiliza.

Kwanza binadamu wapo, ni nyie hamkuangalia. Wako huku chini mbele, mama na watoto wake na mbwa, wanakatiza kwenye mawe, wadogo mpaka ukiweka kidole gumba kwenye skrini umewafunika wote. Na mi naona huo udogo ndio wenyewe. Angewakuza kidogo tu, jicho lingegota pale kwa mama, tungeanza kuulizana anaenda wapi, kabeba nini, na bonde lote lingekuwa pazia la studio nyuma yake.

Ila kilichonikamata mimi ni hewa. Mwaka juzi nilipanda Irente kule Lushoto, nimesimama ukingoni naitazama nyika chini, naona barabara, naona mashamba, naona mpaka vivuli vya mawingu vinatembea juu ya ardhi, nikatoa simu nikapiga. Nimerudi nyumbani nafungua picha, hamna kitu, ukungu mweupe kama uji na kidole changu pembeni. Mbali haipigiki kirahisi, jamani. Sasa mtazame huyu mzee (mzee gani, alikuwa na miaka 35). Mawe ya mbele ya kahawia unahisi ukiyashika yatakuchuna mkono. Teremka nayo polepole, unakuta kilima cha Tepeyac na kanisa la Guadalupe, halafu barabara zimenyooka kama zimepigwa rula kuelekea jiji la Meksiko, na mji wenyewe ni vumbi jeupe tu, jiji zima limekaa kwenye mchirizi mmoja wa brashi. Kushoto maji ya ziwa Texcoco yanang'aa. Rangi inazidi kupoa kadiri unavyokwenda, njano inafifia inaingia bluu, na mwisho kabisa, zaidi ya kilomita 60 huko, volkano mbili, Popocatépetl na Iztaccíhuatl, na theluji zao, na bado unaziona kali, hazijayeyukia kwenye ukungu. Lile bonde liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, mbali kunaonekana kama karibu. Kaichora mpaka hiyo hewa!

Na hakubahatisha. Mwalimu wake pale chuo cha sanaa cha San Carlos, Muitaliano Eugenio Landesio, alimfundisha mandhari, lakini Velasco akaenda pia kusoma mimea, wanyama na anatomia. Kuna yule kiumbe wa majini kama mjusi mwenye matamvua nje ya kichwa, axolotl, watoto wa siku hizi wanamjua kupitia magemu. Velasco aliwachunguza wa ziwa dogo la Santa Isabel, maeneo hayo hayo ya kwenye picha, akaandika jinsi wanavyojigeuza na kutoka majini, ikachapishwa 1879, na leo kuna aina inayoitwa Ambystoma velasci kwa heshima yake. Mtu wa hivyo akikuchorea kichaka, hicho kichaka kina jina.

Halafu lile ziwa. Wahandisi walikuwa wanapambana kuyatoa maji ya lile bonde tangu enzi za Wahispania sababu ya mafuriko, na 1900 rais Porfirio Díaz akazindua mfereji mkubwa wa kuyamwaga nje. Leo sehemu kubwa ya pale maji yanapong'aa kwenye picha ni nyumba na lami, na jiji linadidimia kwenye udongo wa ziwa la zamani kwa sababu maji ya chini yananyonywa kila siku. Kwa hiyo mnayoiita kalenda ni picha ya maji ambayo hayapo tena, kayaweka mtu aliyeishi miaka mingi hapo chini ya kilima, Villa de Guadalupe, na kufia hapo hapo 1912.

Haya, shingo upande nakubali: siasa imo. Miaka miwili baadaye kalichora tena bonde hilo hilo, mama na watoto kawaondoa, kaweka tai anapaa na windo lake kwenye makucha, na dungusi kwenye mawe, yaani bendera ya taifa kaitawanya juu ya mandhari, na hapo Díaz ndiyo kwanza kaingia madarakani. Serikali ilizipenda picha zake mno, zikapelekwa Philadelphia, zikapelekwa Paris, dunia ione Meksiko nzuri, pana, tulivu. Nani alikuwa analima hayo mashamba na alilipwa nini, huoni. Ndiyo maana mi nabaki na ya 1875. Tai mnaweza kumchukua.

(London nao wamemfanyia maonyesho yake pale National Gallery 2025, mara yao ya kwanza kumpa nafasi hiyo mchoraji wa zamani wa Amerika ya Kilatini. Jumba limeanzishwa 1824. Hawana haraka wale.)

Yule jamaa wa kalenda nimemtumia inboksi kipande cha chini peke yake, nimekikata nikakikuza. Amenijibu saa sita usiku: "kumbe kuna mbwa".