Huku Wanauliza Pesa, Kwetu Wanauliza Mtu

Wakili anayeshughulikia fleti ninayotaka kununua huku England ameniandikia tena. Safari hii anataka kujua Mama Nasra ni nani, kwa nini ananiingizia pesa, na kwa nini mwezi mmoja niliingiziwa na watu kibao kwa mpigo, halafu miezi iliyofuata mimi ndiye nikawa natoa, kila mwezi kwa mtu tofauti. Mtanzania yeyote anayesoma hapa ameshajibu: ilikuwa zamu yangu ya kupokea. Sasa jaribu kumweleza upatu wakili wa Kiingereza. Nilimwambia hatuna riba, hatuna mkataba, tuna kijumbe, yule anayesimamia michango na zamu. Akauliza kama kijumbe amesajiliwa.

Hivyo ndivyo ununuzi wa nyumba ulivyo huku England. Fleti yenyewe hatujaigusa. Tuko kwenye taarifa za benki, barua za mwajiri, na maelezo ya kila shilingi iliyoonekana nene kidogo. Ndugu akikuchangia, aandike barua kwamba ni zawadi, hadai kitu na hana hisa ndani ya nyumba. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji fedha zinamtaka wakili aulize, na asipouliza anajitia matatani yeye.

Kwetu je? Umewahi kuulizwa pesa ya kiwanja imetoka wapi? Beba milioni hamsini kwenye mfuko wa rambo upeleke Kigamboni, watakuhesabia na soda watakununulia. Utakachoulizwa ni wewe mwenyewe. Mtoto wa nani? Umeoa? Mama watoto anajua? Nani hapa anakufahamu? Majirani wanaitwa kuonyesha mipaka, mjumbe wa nyumba kumi anashuhudia, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri na kudai ile asilimia kumi ambayo sitaki kuizungumzia leo.

Huku wanauliza pesa, kwetu wanauliza mtu. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na naona karibu kila mtu wetu aliyelizwa kwenye nyumba, huku au kule, alilizwa kwa sababu alijiandaa kwa swali lisilo la pale alipokuwa.

Najua wanaokuja. "Huyu miaka kadhaa tu ya kubeba boksi ameshakuwa Mzungu." Tulia kwanza, kaka. Sijasema kwao ni bora. Hao hao wanaonihoji kuhusu pesa ya Mama Nasra waliacha majumba ya London yanunuliwe kwa miaka kwa majina ya kampuni zilizoandikishwa visiwa vya ng'ambo, na hadi Agosti 2022, ilipoanzishwa rejista ya kampuni za nje zinazomiliki ardhi, kampuni hizo hazikulazimika kutaja mwenye mali halisi. Mwenye upatu anatolewa jasho, bilionea anapita mlango wa nyuma. Kwa hilo hatuna cha kujifunza kwao, tunaliweza wenyewe.

Ila turudi kwetu tunaonunua. Mtu wetu akifika huku anatafuta mtu wa kumwamini, kama alivyozoea. Anampata dalali. Dalali ana tai, anatabasamu, anakumbuka majina ya watoto, na analipwa na muuzaji. Hana deni kwako. Anakuambia nyumba imeshakuwa yako, ofa imekubaliwa, na wewe unapiga simu nyumbani watu wapige vigelegele. Lakini England, hadi mawakili wabadilishane mikataba iliyosainiwa, hakuna aliyefungwa na chochote. Muuzaji anaweza kupokea ofa nono zaidi wiki ya mwisho akakutosa, na gharama za wakili na mkaguzi zikawa zako. (Scotland wana utaratibu wao, huko sisemi.) Ukilalamika kwamba mlikubaliana kwa mdomo, mbele ya watu, wanakutazama kwa huruma.

Halafu kuna fleti zenyewe. Nyingi hununui ardhi, unanunua miaka. Watu wetu hapo hawashtuki, maana hata hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99, na ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Tofauti ni kwamba Rais hakuletei ankara ya kupaka rangi ngazi. Huku mwenye jengo anakuletea: ulinzi, bima, lifti, bustani, na mwaka mwingine paa zima. Baada ya moto wa Grenfell mwaka 2017, ulioua watu 72, kuna wenye fleti waliojikuta kwenye majengo yenye kuta za hatari, benki zikagoma kukopesha juu yake, wakawa hawawezi kuuza wala kuhama. Na miaka uliyobakiwa nayo ikishuka chini ya 80, gharama ya kuiongeza inapaa. Haya yote yapo kwenye karatasi alizokutumia wakili. Kurasa mia mbili. Sisi tunasoma ya kwanza, tunatia sahihi ya mwisho, kisha tunauliza watu kama kampuni inayosimamia jengo ni ya watu wema.

Lakini shimo baya kuliko yote ni lile tunalolichimba kwa mapenzi. Umemjengea mama nyumba. Kwa jina lako, kwa kuwa ulishajifunza kwa wenzio. Hongera, na bado nasema hongera. Sasa unataka kununua fleti huku. Anayenunua makazi kwa mara ya kwanza, kwa bei ya pauni 300,000, halipi ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba, hata senti moja. Wewe umejiona uko kundi hilo, si ndiyo kwanza unanunua England? Sivyo. Wanauliza kama umewahi kumiliki nyumba popote duniani, hata ya kurithi. Nyumba ya mama imo. Nafuu imekwenda, unalipa pauni 5,000. Hujamaliza. Kama nyumba ile ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, unahesabiwa kuwa unaongeza nyumba ya pili, na kuanzia mwisho wa Oktoba 2024 nyongeza ya nyumba ya pili ni asilimia 5 ya bei yote. Elfu kumi na tano juu ya zile tano. Pauni 20,000, kwa bafu la mama lenye vigae! Na mkiwa wanandoa mnaoishi pamoja, nyumba ya mwenzio inakuhesabia na wewe.

Mamlaka ya kodi haioni mama. Inaona nyumba.

Na kama umekaa huku miaka 10 kati ya 20 iliyopita, tangu Aprili 2025 kodi ya mirathi inaangalia mali zako zote, popote zilipo. Inaanzia pauni 325,000 kwa asilimia 40. Shamba la minazi nalo lina bei yake, hata kama kwa ukoo halijawahi kuwa na bei.

Sasa geuza upande wa pili. Mtu huyu huyu, akishaumwa na karatasi za Waingereza, anarudi kununua Bongo akiwa na imani mpya: karatasi. Anataka hati. Dalali wa kule anamtumia picha ya hati kwenye WhatsApp, ina mhuri, ina namba, ina ramani. Anatuma pesa. Kiwanja kina watu watatu, na wote wana karatasi. Huku karatasi ina serikali nyuma yake. Rejista ikikosea au ikaghushiwa, kuna utaratibu wa kulipwa fidia. Kwa pauni 7 jirani yako mbea anaweza kupakua rejista ya nyumba yako akaona jina lako na benki inayokudai. Kwetu waulize waliobomolewa nyumba Kimara, Dar es Salaam, mwaka 2017 kupisha barabara, walikuwa na karatasi gani.

Upekuzi wa hati kwa Msajili upo, na anayetuma pesa kabla ya upekuzi simwonei huruma sana. Lakini maeneo mengi tunayonunua hayajapimwa, hayana hati. Hapo unapekua nini? Unampekua mtu. Unamwendea yule bibi wa nyumba ya pembeni anayejua mnazi wa mpaka ulikatwa na nani, marehemu aliacha watoto wangapi, na yupi kati yao hakuitwa siku ya kuuza. Nasema hili bila aibu: bibi yule ni rejista. Ni mali tuliyonayo, na Mwingereza hana. Wanaocheka mambo ya mjumbe na mashahidi hawajawahi kuona mjumbe mwaminifu akiokoa kiwanja.

Kinachoniudhi ni kwamba rejista ya bibi haijaandikwa mahali pengine popote. Anakufa nayo kichwani.

Na kuna hili la pasipoti, ambalo likitajwa kwenye vikao vyetu watu hushuka sauti. England hawajali wewe ni raia wa wapi. Nunua, lipa, nyumba ni yako. Kwetu ukichukua uraia mwingine unapoteza wa kwetu, na asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hadhi maalum kwa diaspora ilizungumzwa miaka na miaka, hadi nikachoka kuisikia kwenye hotuba. "Si mmekimbia wenyewe?" Mimi sijakimbia, pesa ninayotuma kila mwezi haifanani na ya mtu aliyekimbia. Ila nakubali kwamba nchi inayouliza mtu ina haki ya kuuliza mtu amegeuka nani. Nakubali, na bado inaniuma.

Ndiyo maana linakuja wazo ambalo nimeshaulizwa na wengi: si uandikishe nyumba ya mama kwa jina la kaka? Kule uraia hausumbui, huku ushuru unapungua. Mbili kwa moja. Shemeji yangu alinieleza hivyo kwa furaha kabisa, akichora kwenye bahasha.

Huku kwanza haipungui. Wanaangalia nani mwenye faida halisi ya mali, si jina lililoandikwa tu, na kuficha ni kosa kubwa kuliko ushuru wenyewe. Kule ndiko kwenye kilio. Kaka ni mwaminifu, sina shaka naye. Lakini kaka ana mke, na mke ana watoto, na siku Mungu akimchukua kaka, kikao cha ukoo kitakaa kuteua msimamizi wa mirathi. Wewe utafungua simu uonyeshe risiti za miaka yote ulizotuma, saruji, mabati, fundi, kila senti na tarehe yake. Watazitazama kwa heshima. Kisha watauliza watoto wa marehemu ni wangapi.