Kupewa Maneno Badala ya Vidonge

"Nimelipa nauli kutoka Ahero, nimekalia benchi tangu saa moja asubuhi, halafu naambulia maneno." Hivyo ndivyo shangazi yangu alivyolalama alipotoka kliniki ya presha mjini Kisumu. Kwa miezi kadhaa moyo ulikuwa ukimwenda mbio usiku, tumbo likimchoma, usingizi ukikatika saa tisa na kugoma kurudi. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja, na vidonda vya tumbo mara ambazo hata yeye alishaacha kuzihesabu. Siku hiyo mhudumu wa afya ya jamii alimwuliza maswali saba ya kupima wasiwasi, akajumlisha alama, akamwomba arudi Jumanne wakae wazungumze. Dawa ya presha alipewa kama kawaida. Ya moyo kwenda mbio, hakupewa kitu.

Lalama kama yake nimeisikia tangu hapo kwa wengi, wakiwemo wauguzi wawili wa Nakuru: kwamba kumtibu mtu wasiwasi kwa mazungumzo, tena na mtu asiye mtaalamu, ni huduma ya daraja la pili waliyotengewa maskini. Mwenye pesa ataonana na daktari wa akili Nairobi. Mwenzangu na mimi ataonana na jirani yake aliyehudhuria mafunzo ya siku chache. Hoja hiyo ina mahali inapouma kweli, nami nitafika hapo. Ila naona watafiti wa tiba hii ya mazungumzo hawajatendewa haki, kwa sababu wanaowapinga wanadhani mazungumzo yalichaguliwa kwa kuwa ni rahisi. Yalipimwa kwanza.

Tuanze na yale maswali saba, kwani hapo ndipo wapinzani wana silaha kali zaidi. Hojaji hiyo, GAD-7, ilitolewa mwaka 2006 na Robert Spitzer na wenzake nchini Marekani. Inauliza juu ya wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi umekuwa na wasiwasi, umeshindwa kuuzuia, umeshindwa kutulia kitini, umehofu kana kwamba jambo baya litatokea. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 21, na anayefikisha 10 anahitaji kuangaliwa zaidi. Kwa wagonjwa wa kliniki za kawaida za Marekani, kiwango hicho kiliwanasa 89 katika kila 100 wenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, na kikawaachilia 82 katika kila 100 wasio nao.

Ni namba zinazopendeza, mpaka uzipeleke kwenye foleni. Chukua watu 1,000 wanaosubiri kliniki, na tuseme 100 kati yao wanaugua kweli. Hojaji itawanasa 89. Lakini kati ya wale 900 wazima itawanasa 162 pia. Mwisho wa siku una watu 251 walioambiwa wana dalili, na karibu wawili kati ya kila watatu hawana ugonjwa huo. Sasa badilisha benchi. Ipeleke hojaji hiyo hiyo kwa kundi ambalo watu 300 katika 1,000 wanaugua: itanasa 267 wenye ugonjwa na 126 wasio nao, na hapo walio wengi ni wagonjwa kweli. Maswali hayajabadilika hata neno, waliobadilika ni watu waliokaa kwenye benchi. Anayesema kuwapima watu wote hospitalini kutawabandika jina la ugonjwa wasiostahili ana hesabu upande wake. Tena namba zenyewe ni za Marekani. Swali likishatafsiriwa kwa Kiswahili au Kijaluo, ambako mtu husema ana mawazo mengi, *paro mang'eny*, huenda kipimo kikavuta zaidi au kikalegea.

Hesabu hii imenikalia kichwani kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoigeuza ndivyo ninavyoona inawapinga walioileta. Uzito wa kosa la hojaji unategemea kitu kinachomngoja mtu nyuma ya mlango. Kama kinachongoja ni diazepamu, basi wale 162 wameingizwa matatani: kidonge hicho hutuliza upesi, lakini mwili hukizoea ndani ya wiki chache, na kukiacha ghafla kunaweza kuurudisha wasiwasi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa mzee huongeza hatari ya kuanguka. Fluoksetini, dawa ya sonona (huzuni nzito isiyoisha) inayotumika pia kwa wasiwasi, haina uraibu wa namna hiyo, lakini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo inaweza hata kumzidishia mtu mahangaiko. Kama kinachongoja ni mtu aliyefunzwa kusikiliza, wale 162 wamepoteza saa moja na nauli. Sisemi nauli ni kitu kidogo. Nasema si sawa na kidonge ambacho mtu hakukihitaji.

Na zaidi ya hapo, kikao chenyewe ni chekecheo la pili. Ndani ya saa moja hujulikana kwamba huyu hana ugonjwa wa wasiwasi, ana dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamoli, inayomtetemesha mikono na kumkimbiza moyo. Yule anahitaji kupimwa tezi ya shingo. Na mwingine ameshajiwazia kifo, apelekwe kwa daktari leo hii. Hojaji ya dakika tatu haiwezi kuyajua hayo.

Je, kwa wanaougua kweli, mazungumzo yanatibu? Ushahidi mmoja mzito umetoka papa hapa Kisumu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 256 wanaoishi na virusi vya ukimwi, waliokuwa wamefanyiwa ukatili, wenye sonona na kiwewe, yaani majeraha ya akili yaliyoachwa na tukio la kutisha, kwa pamoja. Kwa kura, baadhi walipata vikao 12 vya saa moja kila wiki pamoja na matibabu yao ya kawaida. Wengine waliendelea na matibabu ya kawaida kwanza. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili wala wanasaikolojia, walikuwa wenyeji waliofunzwa. Baada ya miezi mitatu, sonona na kiwewe vilikuwa vimepungua waziwazi kwa waliopata vikao kuliko kwa wenzao.

Msomaji makini atasema kiwewe si wasiwasi, na kwamba mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 ulikitoa kwenye orodha ya magonjwa ya wasiwasi. Ni kweli. Lakini muulize mwanamke anayeshtuka kila geti linapogongwa kama anaiona mipaka hiyo.

Wala vikao hivyo si kumwambia mtu "pole, jipe moyo." Tiba iliyotumika Kisumu huchagua eneo moja kati ya manne na kulikalia: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, au upweke. Kwa mjane anayeng'ang'aniwa shamba na shemeji, hayo manne yanaweza kuwa nyumba moja. Kisha likaandaliwa jaribio kubwa zaidi katika hospitali ya kaunti ya Kisumu, kuyashindanisha mazungumzo hayo na fluoksetini, na asiyepata nafuu upande mmoja ahamishiwe wa pili au apewe vyote viwili. Watu wanaotaka kuwapunja maskini hawajisumbui kuweka maneno yao kwenye mizani pamoja na dawa.

Kwingineko nchini matokeo yanakwenda upande huo, kwa viwango tofauti. Dagoretti, Nairobi, vikao 5 vilivyoendeshwa na wahudumu wa jamii viliwapunguzia dhiki wanawake katika jaribio la watu 421, ingawa walifuatiliwa kwa miezi michache tu. Katika utafiti wa Shamiri, mradi wa afya ya akili ya vijana wa Kenya, vijana 413 wa sekondari walipewa ama vikao 4 vya kujenga mtazamo na shukrani au vikao vya mbinu za kusoma. Wa kwanza walipungukiwa na wasiwasi zaidi, lakini hata wa mbinu za kusoma walipata nafuu. Wapinzani hulishika hilo: basi hata ukimfundisha mtoto kupanga ratiba atapona! Mimi nalisoma vingine. Kijana kukaa kila wiki na kaka au dada aliyemaliza shule juzi, anayejua jina lake, ni kitu kinachofanya kazi chenyewe, na watafiti walikiweka pande zote mbili kwa makusudi, ili mapambano yawe magumu.

Lakini huwezi kuchukua kilichomfaa mwanafunzi ukamvalisha mgonjwa wa presha. Swali la mwisho katika yale saba, la kuhofu kana kwamba jambo baya litatokea, lina maana moja kwa mtahiniwa na nyingine kwa mtu wa Nakuru aliyeona nyumba zikichomwa mapema 2008 na ambaye hulala macho wazi kila mwaka wa uchaguzi. Kwa mtu wa bonde la mto Nyando, kama shangazi yangu wa Ahero, mto hufurika, na hofu hiyo ina mwezi wake kwenye kalenda.

Sasa niende pale shangazi alipo na haki. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa nchini mwaka 2023 waliahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, na kwa posho hiyo wanatembelea nyumba, wanapima presha na sukari, wanafuatilia chanjo na wajawazito. Kuwaongezea saa za kusikiliza vilio vya watu, bila malipo zaidi na bila mtaalamu wa kuwasimamia, si kile kilichopimwa Kisumu. Kule walifunzwa, wakasimamiwa, na kazi yao ikaangaliwa. Kaunti ikichukua neno "asiye mtaalamu" ikaacha "aliyesimamiwa," basi malalamiko ya daraja la pili yatakuwa ya kweli, na watafiti hawatakuwa na la kujibu.

Shangazi alirudi Jumanne ile, kwa kununa. Kikao cha pili ndipo lilipojitokeza la saa tisa: tangu mafuriko ya 2024, mvua ikigonga mabati usiku yeye huamka kusikiliza kama mto umeanza kuja, na siku zisizo na mvua huamka vilevile. Mhudumu alimfanya ayagawe mambo mawili, yanayotatulika na yasiyotatulika. Mto hautatuliki. Ila dada yake aliolewa Muhoroni, huko maji yanakotangulia, na wakakubaliana kwamba yakipanda, atapiga simu hata iwe usiku wa manane. Siku hizi simu inalala karibu na kichwa chake, naye analala mpaka saa kumi na moja.

Nauli bado anailalamikia. Vikao sita ni safari sita za kwenda Kisumu na kurudi, na mhudumu huyo, ilivyokuja kujulikana, anaishi vijiji viwili tu kutoka kwake.