Ruhusa ya siku ileile baada ya upasuaji: alama tisa hazijui mgonjwa anaenda wapi

Kumpasua mtu asubuhi na kumruhusu jioni si jambo geni. Mwaka 1909 daktari James Nicoll wa Glasgow aliripoti upasuaji 8,988 wa watoto ambao hawakulazwa, akishikilia kwamba kwa mama zao waliuguzwa vizuri tu. Faida zake tunazijua: foleni inapungua, gharama ya kitanda inaokolewa, na mgonjwa anaepuka wadudu wa wodini. Kwa hospitali zetu, ambazo wagonjwa wa ngiri husubiri miezi, siwezi kuupinga utaratibu huu.

Ninachohoji ni namna ya kuamua nani aondoke. Kipimo kinachotumika nchi nyingi kina mambo matano: presha na mapigo ya moyo, kutembea, kichefuchefu, maumivu, na damu kwenye kidonda. Kila moja lina alama 0 hadi 2. Mwenye jumla ya 9 au 10 anaruhusiwa. Kina nguvu yake. Muuguzi mwenye karatasi hiyo mkononi anaweza kumkatalia daktari mwenye haraka, na kwenye vyumba vyetu vya upasuaji hilo si jambo dogo. Lakini kinampima mgonjwa alipo, hakipimi anakokwenda.

Chukua suala la mkojo. Zamani mtu hakutoka kabla ya kukojoa. Sharti hilo likalegezwa kwa wasio na hatari kubwa, maana watu wazima wenye afya walikuwa wanasubirishwa bure. Ni sawa kabisa, ila mzee wa miaka 65 aliyepasuliwa ngiri ya kinena kwa ganzi ya uti wa mgongo hayumo kwenye kundi hilo. Kibofu chake kinaweza kubaki na ganzi hata baada ya miguu kupata nguvu, tezi dume pengine imeshatanuka, na maji ya dripu yanaendelea kushuka. Atatembea vizuri, hatatapika, atapata alama 10. Saa tano usiku anajikunja kwa maumivu kijijini, zahanati imefungwa, na barabara hiyo bodaboda haiendi gizani. Mwenzake wa Toronto, Kanada, kipimo hicho kilikotungwa, angeita gari la wagonjwa.

Msindikizaji naye tunamchukulia kirahisi. Kanuni inataka mtu mzima akae na mgonjwa saa 24 za kwanza. Ndugu tunao, tena wengi. Tatizo ni kwamba maelekezo anapewa mgonjwa ambaye bado ana dawa ya usingizi kichwani, na kesho yake hakumbuki neno. Aelezwe ndugu, apewe karatasi ya Kiswahili chepesi: damu ikilowesha bandeji, mkojo ukikataa, homa ikipanda, apige namba gani.

Wapo watakaosema kuongeza kwenye kipimo masharti ya makazi na umbali kutawaumiza maskini: wa mjini ataruhusiwa, wa mbali atalazwa na kulipishwa. Hoja hiyo ni nzito, na kumlaza kila anayetoka mbali kungerudisha foleni ileile. Ila mfano wa kuiga tunao. Baadhi ya hospitali zina nyumba za wajawazito wanaotoka mbali kusubiri kujifungua, bila kushika kitanda cha wodi. Mgonjwa wa ngiri anahitaji usiku mmoja tu wa namna hiyo, pamoja na ndugu yake, na muuguzi wa kumtazama asubuhi kabla hajapanda basi.