Chaji Imenielemea

Sina ugomvi na Waingereza, isipokuwa juu ya neno lao moja, "charge", ambalo sisi tulilipokea kwa heshima, tukaliita chaji na kulipa kazi moja nyepesi ya kuishibisha simu. Laiti na wao wangeishia hapo.

Asubuhi niliamka simu ikiwa na asilimia 4, nikaichomeka ukutani, na kabla haijafika asilimia 10 ukaingia ujumbe wa benki kwa Kiingereza kunijulisha kwamba nimepata chaji. Nilifurahi kwa dakika nzima. Nilipotazama salio ndipo nilipogundua kwamba chaji ya benki haijazi bali inakausha, na kwamba makato yenyewe yalikuwa ada ya kunitumia ujumbe wa kuniarifu kuwa nimekatwa.

Nilimpelekea malalamiko jirani yangu aliyesomea sheria, naye akacheka kwa namna ambayo watu wa sheria hucheka wakijua kwamba leo hawatalipwa. "Ndugu yangu, shukuru," akaniambia, "maana mahakamani chaji ni shtaka." Kisha akaongeza kwamba ofisini neno hilohilo ni dhamana ya kusimamia jambo, hivi kwamba mtu anaweza kukabidhiwa chaji ya sanduku la fedha Jumatatu na kusomewa chaji Ijumaa kwa sababu ya sanduku lilelile.

Alinieleza pia kwamba neno hilo liliwafikia Waingereza kupitia Kifaransa, na kwamba asili yake ni neno la Kilatini la gari, "carrus", ambalo ndilo lililozaa kitenzi cha kupakia mzigo garini. Hapo mambo yakaanza kunyooka: bunduki hupakiwa baruti, mshtakiwa hupakiwa tuhuma, mteja hupakiwa deni, na mkuu wa idara hupakiwa madaraka. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini kila siku gari liwe mimi.

Wanajeshi nao hawakubaki nyuma, kwani kwao chaji ni kumkimbilia adui kwa kishindo. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava katika rasi ya Krimea, wapanda farasi wa Uingereza zaidi ya 600 walishambulia moja kwa moja kuelekea mizinga ya Warusi kwa sababu amri waliyopewa haikueleweka vizuri, na mimi, niliyeshangilia makato, siwezi kuwacheka. Kwenye soka chaji ni kumvaa mpinzani kwa bega, jambo ambalo sheria inaliruhusu mradi lisifanywe kwa uzembe wala kwa nguvu kupita kiasi. Benki yangu ingekuwa beki, ingekuwa imekwishaonyeshwa kadi nyekundu.

Jioni nilitafuta faraja kwa binti yangu anayesoma fizikia, nikijua kwamba huko angalau chaji ni umeme na umeme hauna hila. Akaniambia kwamba chaji ziko mbili, chanya na hasi, na kwamba majina hayo yalitolewa na mwanasayansi Mmarekani Benjamin Franklin katika karne ya 18 kwa kubahatisha upande. Elektroni, ile chembe ndogo inayobeba umeme ndani ya waya, ilipogunduliwa mwaka 1897 ikaonekana kuwa imeangukia upande wa hasi, na ndiyo maana hadi leo wanafunzi huchora mshale wa mkondo wa umeme ukitoka chanya kwenda hasi huku elektroni zenyewe ndani ya waya zikitoka hasi kwenda chanya. Mimi nikikosea fomu ya benki hurudishwa mwisho wa foleni, lakini bwana huyu amekosea na dunia nzima ikageuza mishale kumfuata.

"Halafu, Baba," akaendelea bila huruma, "betri iliyojaa haina chaji." Nilimwomba arudie, akarudia: unapochomeka simu, ioni za lithiamu, yaani chembe za lithiamu zenye chaji chanya, pamoja na elektroni huhamishwa tu kutoka upande mmoja wa betri kwenda mwingine, na nishati ndiyo inayohifadhiwa; ukijumlisha chanya yote na hasi yote iliyomo, jibu ni sifuri, iwe betri imejaa au imekwisha.

Niliiangalia simu, ikawa inaonyesha asilimia 100. Nilipokuwa bado naitafakari, ukaingia ujumbe wa pili wa benki, nami nikakuta kwamba baada ya kujumlisha chanya yangu na hasi yao, salio langu nalo limefuata kanuni ya betri.