Bahari Ukutani na Maneno Yaliyobandikwa Kando Yake

Mwaka 2023 jengo la Queen's House lililoko Greenwich, London, liliandaa maonyesho ya picha za Willem van de Velde na mwanawe mwenye jina hilohilo, kuadhimisha miaka 350 tangu wachoraji hao wawili wahame Uholanzi na kuhamia Uingereza. Maonyesho ya picha za kale za bahari, popote yanapofanyika Ulaya, siku hizi hayakwepi swali moja: je, picha ya merikebu ielezwe kama kazi ya sanaa tu, yaani upepo, maji na ustadi wa mkono, au maandishi yanayobandikwa kando yake yaseme pia kwamba merikebu zile zilibeba nini na faida ilimwendea nani?

Ubishi huu haukuanza jana. Septemba 2019 Amsterdam Museum ilitangaza kwamba haitaiita tena karne ya 17 "Karne ya Dhahabu", kwa sababu jina hilo linafunika umaskini, vita na biashara ya watumwa vilivyokuwa sehemu ya utajiri wa Uholanzi. Mark Rutte, waziri mkuu wa wakati huo, aliuita uamuzi huo upuuzi, na Rijksmuseum, makumbusho ya taifa iliyo katika jiji hilohilo, ikaendelea kulitumia jina la zamani.

Wanaotaka picha iachwe iseme yenyewe wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Van de Velde baba hakuwa mtu wa kubuni vita akiwa amekaa nyumbani. Alikuwa akipanda chombo kidogo, akafuatana na manowari hadi kwenye moshi wa mizinga, akachora kwenye karatasi yale aliyoyaona, kisha akirudi akayageuza kuwa picha kubwa. Katika picha yake ya Terheide, mapigano ya baharini kati ya Uholanzi na Uingereza, aliyoikamilisha mwaka 1657 na ambayo sasa iko Rijksmuseum, amejichora mwenyewe yumo chomboni, anachora, huku merikebu zinaungua nyuma yake. Kazi hiyo haina rangi za kawaida. Turubai limepakwa rangi nyeupe, kisha kila kitu kikachorwa juu yake kwa kalamu na wino: kila kamba, kila foromali, yaani mti unaobeba tanga, nakshi za shetri, nyuma ya meli, na vichwa vya watu wanaozama. Kalamu haina huruma kwa mkono unaotetemeka, na kosa la wino si rahisi kulifuta. Mtazamaji aliyemaliza aya tatu za maandishi ukutani, kisha akaitupia picha jicho moja na kuondoka, amekosa kilichomleta pale.

Mwanawe alikwenda njia nyingine, akapata sifa hasa kwa picha za shwari. Matanga yananing'inia, bendera imelala kwenye mlingoti, kivuli cha omo, mbele ya chombo, kimetulia majini, na kwa mbali manowari moja inapiga mzinga wa salamu ambao moshi wake hauna pa kwenda. Anayejua vyombo huweza kuitazama picha kama hiyo na kusema upepo umekufa muda gani na nahodha anasubiri nini. Elimu hiyo ilitoka kwa watu waliofanya kazi baharini, na ni haki nayo ielezwe ukutani. Maonyesho mengi hayafanyi hivyo, jambo linalonishangaza, kwa maana mtu asiyeambiwa tanga linafanya nini haoni hata nusu ya picha.

Hata hivyo, dai kwamba picha hizi ni bahari tu halisimami mtu akiuliza nani alizilipia. Mwaka 1672 Uingereza na Ufaransa ziliishambulia Uholanzi, soko la picha likaanguka, na baba na mwana wakavuka kwenda kwa adui. Mwaka 1674 Mfalme Charles II aliagiza kila mmoja wao alipwe pauni 100 kwa mwaka, baba kwa kuchora mapigano ya baharini, mwana kwa kuitia michoro hiyo rangi. Walipewa hata mahali pa kufanyia kazi katika Queen's House. Hao ndio waliokuwa wakizichora manowari za Uholanzi kwa fahari. Sasa wakalipwa kuitukuza Uingereza, na bado mwaka 1687 mwana alichora meli ya Gouden Leeuw, iliyokuwa ya amiri wa Kiholanzi Cornelis Tromp katika mapigano ya Texel ya 1673, ikiwa imesimama katikati ya turubai kama mshindi. Silaumu. Fundi huenda kwenye kazi. Ila sanaa yenye wanunuzi wa namna hiyo haiwezi kudaiwa kuwa haikuhusika na siasa mpaka wasomi wa leo walipoiingiza.

Na wanunuzi wenyewe wanafahamika. James, mdogo wake mfalme, aliyekuja kutawala baada yake, alikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa familia hii. James huyohuyo aliongoza Royal African Company, kampuni iliyopewa hati yake mpya mwaka 1672 na iliyosafirisha makumi ya maelfu ya Waafrika utumwani. Kwa hiyo anayeandika jambo hilo kando ya picha iliyoagizwa na James hajaleta jambo la nje. Amemtaja mwenye mfuko.

Ninapotofautiana na watetezi wa maandishi haya ni pale yanapokuwa wimbo mmoja kwa kila picha. Chombo cha wavuvi wa heringi kilichokaa kwenye maji mafupi hakina historia sawa na meli ya kampuni ya Kiholanzi iliyoundwa mwaka 1602 kufanya biashara na Asia. Uhusiano ukiwa na ushahidi, utajwe kwa jina la mtu, la meli na mwaka. Ukiwa haupo, sentensi ya jumla kuhusu dhuluma za enzi ile haimfundishi mtazamaji lolote, na humzoesha kuruka hata maandishi yenye uzito.

Mfano unaonisumbua zaidi ni picha ya mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner iliyoonyeshwa London mwaka 1840, ambayo sasa iko Museum of Fine Arts, Boston. Inaonyesha meli ya watumwa ambayo watu wake wametupwa baharini wakati tufani linakuja, na mara nyingi huhusishwa na mkasa wa meli Zong ya mwaka 1781, ambapo zaidi ya Waafrika 130 walitoswa na wenye meli wakadai bima. John Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Kiingereza aliyepewa picha hiyo na baba yake mwaka 1844, aliandika kwa ufasaha mkubwa juu ya mawimbi yake na rangi za machweo, na habari ya watumwa akaiweka kwenye tanbihi. Baadaye aliiuza. Turner mwenyewe, mwaka 1805, alikuwa ameweka pauni 100 katika shamba la mifugo la Jamaica lililoendeshwa kwa kazi ya watumwa, jambo ambalo haliifanyi picha kuwa ya uongo, ila linaifanya iwe ngumu zaidi kuitazama.

Jicho, kwenye turubai lile, huvutwa moja kwa moja na jua lililopasua anga katikati. Chini kabisa, upande wa kulia, mguu wa mtu umechomoza majini ukiwa na pingu ya chuma, samaki wameuzunguka. Maandishi ya ukutani hapo hayahitaji kuzidi sentensi moja, inayomwambia mgeni aanzie kwenye kona hiyo kabla hajapanda kwenye jua.